Sura ya Sita: Kibao cha Getini

Jina la Montessori halina mwenyewe. Ukikodi nyumba ya vyumba vitatu Tabata au Kasarani, ukachora katuni ukutani, ukapata kibali cha kuendesha chekechea na kuandika jina hilo kwenye kibao cha getini, hakuna chama duniani kitakachokushitaki kwa kuliiba. Huko Marekani vyama viwili viliwahi kulivutania, na mwaka 1967 mamlaka ya alama za biashara ikaona kwamba hilo ni jina la aina ya elimu, si mali ya mtu. Kwa hiyo mzazi anayesema "natafuta Montessori" bado hajasema mengi. Anayeumia zaidi na utata huu ni mwenye mtoto mwepesi wa kuelewa, yule ambaye majirani wanasema "huyu ni kichwa", aliyeanza kusoma maandishi ya daladala kabla hajatimiza miaka minne. Mtoto huyo akiingizwa kwenye darasa linalokariri a-e-i-o-u kwa pamoja, atachoka kabla ya mwezi kwisha, na kuchoka kwake kutaandikwa kwenye ripoti kuwa utundu.

Wenye shule wanajua kumvuta mzazi huyo. Watamwambia kwamba Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walipita Montessori utotoni. Ni kweli walipita. Ila hatuambiwi wenzao waliokaa nao mkeka mmoja wako wapi leo, na mimi sinunui shule kwa kutajiwa watu wawili. Isitoshe, historia ya mbinu hii haikuanza na watoto wa aina hiyo. Maria Montessori alizaliwa Italia mwaka 1870, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Roma mwaka 1896, na kazi yake ya kwanza na watoto ilikuwa kwa wale ambao jamii ilishawakatia tamaa, waliofungiwa kwenye hospitali za wagonjwa wa akili na kuitwa wapungufu. Aliwatengenezea vifaa vya kushika na kupanga, akiazima mawazo ya madaktari wawili wa Kifaransa, Itard na Séguin. Baadhi yao wakafanya mitihani ya serikali pamoja na watoto wengine, wakafaulu. Watu wakashangilia. Yeye akajiuliza swali ambalo halikuwafurahisha walimu wa Italia: kama hawa wameweza, shule za kawaida zinawafanya nini watoto wazima hadi walingane nao?

Tarehe 6 Januari 1907 alipata nafasi ya kulijibu, na aliipata kwa sababu ya kuta. Katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kampuni moja ilikuwa imekarabati majengo ya wapangaji maskini. Wazazi wakienda vibaruani, watoto wadogo wasiofikia umri wa shule walibaki wakichora na kubomoa. Wenye majengo wakaona nafuu kuwakusanya chumba kimoja kuliko kupaka rangi kila mara. Ndiyo asili ya Casa dei Bambini, Nyumba ya Watoto. Mwalimu wa kwanza hakuwa na sifa kubwa, na vifaa vilifungiwa kabatini. Siku moja mwalimu alichelewa na kabati lilikuwa limeachwa wazi. Alipofika akakuta watoto wameshajichukulia kila mmoja anachotaka na wanaendelea na kazi. Aliona wizi. Montessori aliona kwamba watoto walikuwa wamevijua vifaa vile kiasi cha kuweza kuchagua wenyewe, akaagiza rafu fupi zisizo na milango.

Kisa kingine cha chumba hicho ninakiona ndicho kinachomhusu zaidi mzazi wa mtoto mwepesi. Msichana wa miaka kama mitatu alikuwa akitoa vipande vya mbao vya mviringo kwenye matundu yake, akivichanganya, kisha akivirudisha kila kimoja pake. Akimaliza, anaanza upya. Montessori aliwaambia wengine waimbe na kuzungukazunguka. Msichana hakuinua kichwa. Montessori akakinyanyua kiti chake naye akiwa amekikalia, akakiweka juu ya meza. Msichana akavipakata vipande vyake, akaendelea. Alirudia zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, akitazama huku na huku kama mtu aliyetoka kulala vizuri.

Sisi tukiwa na mtoto mwepesi tunadhani anachohitaji ni kasi: amalize kitabu hiki apewe kingine, aruke darasa, ahesabu hadi 1,000 kwa Kiingereza mbele ya wageni. Kasi kweli anaihitaji. Lakini anachokikosa zaidi katika shule zetu ni muda usiokatwa. Akipata jambo linalolingana na kichwa chake, ataling'ang'ania kwa saa nzima, na hapo ndipo kengele inapolia ili watu wahamie kwenye "kuchora". Mtoto mwenye akili ya kawaida anakatwa pia, ila huyu mara nyingi amekatwa akiwa mbali zaidi.

Basi ukienda kuitazama shule, jambo la kwanza ni ratiba. Muulize mwalimu mkuu asubuhi inakwendaje. Katika mbinu yenyewe kunakuwa na kipindi kimoja cha kazi cha karibu saa 3 mfululizo, ambamo mtoto anachagua, anafanya, anarudisha, anachagua tena. Ukikuta ukutani jedwali la vipindi vya dakika 30, Hesabu, Kiingereza, Kuandika, Mazingira, umeshajibiwa, hata kama chini yake pameandikwa Montessori kwa rangi saba. Kisha omba ukae. Kukuzungusha madarasani kwa dakika kumi hakutoshi, maana kwa dakika kumi kila shule ni nzuri. Omba kiti pembeni, kuanzia watoto wanapoingia hadi wanapokwenda kunywa uji, usiseme na mtu. Shule inayokataa kabisa jambo hili inakuonyesha kitu. Inayokuwekea masharti (usipige picha, usimwite mwanao) inakuonyesha kitu kizuri.

Nimewahi kuonyeshwa, katika shule moja ya ada kubwa, kabati la vioo lenye vifaa vyote: mnara wa waridi wenye michemraba 10, wa chini ukiwa na sentimita 10 kila upande na wa juu sentimita 1, shanga za dhahabu, ramani za mbao, kila kitu. Vinang'aa mpaka unaona haya kuvigusa. Watoto walikuwa upande wa pili wa chumba wakipaka rangi tufaha lililochapwa kwenye karatasi, wote tufaha lilelile. Karne nzima na ushee baada ya Roma, kabati limefungwa tena. Kwa hiyo angalia kingo za vifaa. Vikiwa vimechakaa kidogo kwa mikono midogo, hiyo ni shule. Angalia pia kama kuna kimoja tu cha kila aina. Mzazi mgeni huona ni ubahili. Sivyo, ni makusudi, ili mtoto ajifunze kusubiri mwenzake amalize, na ili anayesubiri atazame namna inavyofanywa.

Kutazama huko kunahitaji watoto wa umri tofauti. Darasa la kweli lina wa miaka 3 hadi 6 pamoja. Shule nyingi zetu zinawatenga kwa mwaka, Baby Class, Middle, Pre-Unit, kwa sababu wazazi wanapenda kuona mtoto "amepanda". Kwa mtoto mwepesi huu ni msiba. Akiwa na miaka mitatu na nusu anataka kukaa karibu na wa miaka mitano anayejumlisha maelfu. Ukimtenga na huyo umemfungia darasani na wenzake anaowazidi, na hana wa kumfuata. Wakichanganywa, hakuna haja ya kumrusha darasa wala kutangaza kwamba yeye ni wa ajabu. Anasogea tu mkeka wa pili.

Hapo nimeisifu mbinu. Sasa upande wake wa pili, ambao wafuasi wake hawapendi kuuzungumza. Kila kifaa kina mfuatano wake: hiki kwanza, kile baadaye, na mtoto haruhusiwi kuchukua kitu ambacho mwalimu hajamwonyesha. Mwalimu mzuri anautumia mfuatano kama njia ya kujua mtoto yuko wapi. Mwalimu mwoga anaufanya foleni. Mazungumzo kuhusu herufi za msasa, zile ambazo mtoto huzigusa kwa vidole, yanakwenda hivi:

"Mwalimu, huyu anasoma tayari. Nyumbani anatusomea gazeti."

"Sawa mama, tumemwona. Ila kwenye herufi za msasa hajamaliza, yuko kwenye S."

"Sasa anazijua zote, afanye nini na S?"

"Avumilie kidogo, mama. Wenzake watamfikia."

Ukisikia sentensi hiyo ya mwisho, beba mkoba wako. Mbinu nzima ilijengwa ili mtoto asingojee mtu. Ndiyo maana swali langu la pili kwa mwalimu huwa ni hili: "Mtoto wa mwisho aliyekuja anajua kusoma, mlimfanyia nini?" Jibu la kweli lina mambo ndani yake: tulimpa visanduku vya majina ya vitu ayapange, tukamletea kadi za sehemu za mmea, akaanza kuandika hadithi kwa herufi za mbao maana mkono wake ulikuwa haujaiva kwa penseli. Jibu la uongo ni fupi na lina neno "kipaji".

Mkono na kichwa, kwa hakika, havikui pamoja. Hili linawachanganya wazazi wa watoto wepesi kuliko jambo lolote. Anakueleza mzunguko wa sayari, lakini hawezi kufunga kamba ya kiatu, na maji akiyamimina yanaishia kwenye zulia. Ndiyo sababu upande mmoja wa darasa umejaa kazi za nyumbani: kumimina kutoka jagi hadi jagi, kuchambua maharage na mchele, kufunga vifungo, kufagia, kufuta meza. Nimesikia akina baba wakilalamika kwamba hawalipi ada mtoto akafagie. Hasira yao naielewa. Nyumbani dada wa kazi anafagia. Lakini kwa mtoto ambaye kila kitu cha kichwa kinamjia bila jasho, jagi la maji huenda likawa jambo la kwanza maishani mwake linalomkatalia. Na halimkatalii kwa kumwaibisha. Hakuna kalamu nyekundu. Maji yamemwagika, kitambaa kile pale, futa, anza tena. Watoto wengi wepesi wanaogopa kukosea, wameshazoea kupigiwa makofi, na wakikosa mara moja wanasema "sitaki". Kifaa kinachomwonyesha kosa lake bila mtu kutamka neno ni dawa ya woga huo. Mnara wa waridi ukibaki na mchemraba mmoja usio na mahali, yeye mwenyewe anajua.

Kuhusu kusoma, lipo jambo ambalo shule zetu za Kiingereza hazielezi. Montessori alisimulia jinsi watoto wa San Lorenzo walivyoanza kuandika kwa ghafla, mmoja baada ya mwingine, bila kufundishwa kuandika. Ni kweli walikuwa wameshagusa herufi za msasa kwa vidole miezi kadhaa na kuunganisha sauti kwa herufi za kuhamisha. Lakini pia walikuwa wakiandika Kiitaliano, ambacho kinaandikwa karibu kama kinavyosikika. Kiswahili ndivyo kilivyo. Mtoto wa Kiswahili akishajua sauti zake, anaweza kuandika "kaka", "mama", "paka amelala" wiki ileile, na makosa yake yatakuwa machache. Kiingereza hakina huruma hiyo: walimu wa Montessori wa Kiingereza ilibidi waongeze ngazi nzima za ziada kwa maneno yasiyosomeka kama yalivyoandikwa. Kwa hiyo mtoto wako anayeongea Kiswahili nyumbani, ukimpeleka shule inayoanza na herufi kwa sauti za Kiingereza pekee, umemnyima mlango ulio wazi na kumweka kwenye wenye kufuli mbili. Kuna shule zinazoanza kwa Kiswahili na kuongeza Kiingereza cha mdomo, kisha cha maandishi mwaka wa tatu. Mimi ningechagua hizo, hata kama shangazi mtu atauliza kwa nini mtoto hajui "A for Apple".

Hesabu ndipo mbinu hii inapong'aa. Ushanga mmoja ni moja. Shanga 10 kwenye waya ni fimbo ya kumi. Fimbo 10 zikiunganishwa ni mraba wa mia. Miraba 10 ikipangwa mmoja juu ya mwingine ni mchemraba wa elfu, na mchemraba huo ni mzito mkononi mwa mtoto wa miaka minne. Anatumwa kwenye "benki" na sinia kuleta 2,345. Mwenzake analeta 3,432. Wanamwaga mkekani na kuhesabu. Hajafundishwa kukariri chochote, ila ameshaona kwa macho kwamba elfu si mia iliyoongezewa sifuri, jambo ambalo watu wazima tulilikubali kwa imani. Kuna pia mchemraba wa rangi wenye vipande 8 unaorudishwa kwenye kisanduku chake kwa kufuata rangi na urefu. Mtoto wa chekechea anaucheza kama fumbo. Ni kanuni ya (a+b) kwa kipeo cha tatu, ile ambayo watoto wa sekondari huinakili ubaoni bila kuuliza kwa nini. Mtoto mwepesi ataurudia miaka kadhaa baadaye na kuutambua, kama mtu aliyekutana na ndugu yake stendi.

Je, utafiti unasemaje? Mwanasaikolojia Angeline Lillard wa Marekani, akiwa na Nicole Else-Quest, alichapisha mwaka 2006 katika jarida la Science matokeo ya watoto wa Milwaukee walioingia shule ya Montessori kwa bahati nasibu, akiwalinganisha na walioikosa kwa bahati nasibu hiyohiyo. Bahati nasibu ni muhimu hapa, kwani vinginevyo tungekuwa tunalinganisha wazazi, si shule. Wa miaka 5 wa Montessori walikuwa mbele ya wenzao katika kusoma, hesabu na kujitawala. Lakini kwa mzazi anayechagua, utafiti wake wa 2012 unafaa zaidi. Safari hii alilinganisha shule za aina tatu: zilizofuata mbinu kikamilifu, zilizoichanganya na karatasi za mazoezi na vitu vya kawaida, na shule za kawaida. Waliopiga hatua zaidi mwaka huo walikuwa wa kundi la kwanza. Hizo zilizochanganya, ambazo ndizo nyingi mitaani kwetu, hazikuwafikia.

Mwalimu, basi. Muulize alisomea wapi na kwa umri gani, maana cheti cha miaka 3 hadi 6 hakimpi uwezo wa kufundisha wa miaka 8. Afrika Mashariki walimu hawa wapo na si wote wako kwenye shule za matajiri. Tanzania, masista wa Kikatoliki wameendesha vyuo vya walimu wa Montessori kwa miaka mingi, kile cha Lushoto kikiwemo, na cha Msimbazi jijini Dar es Salaam. Karibu na Nakuru, Kenya, mradi wa Corner of Hope ulianzia kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao na ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ukawafundisha watu wa kambi wenyewe kuwa walimu, na vifaa vikatengenezwa hapohapo. Fundi seremala mzuri anaweza kuchonga mnara wa waridi. Kinachomshinda ni vipimo, maana sentimita 7 ikiwa 7.3 somo limekufa. Chekechea ya parokia yenye mwalimu aliyesomea na vifaa vya seremala inaweza kumfaa mwanao kuliko jumba la vioo lenye bwawa la kuogelea. Uliza pia mwalimu amekaa hapo miaka mingapi. Mbinu hii inamtaka amjue mtoto kwa miaka 3. Anayebadilishwa kila muhula hamjui yeyote.

Hadithi sijazigusa, na ni vema nizitaje, kwa sababu mtoto mwepesi mara nyingi anaishi ndani yake. Montessori alipendelea vitu halisi kwa wadogo na hakuwa mpenzi wa ngano za mazimwi. Baadhi ya walimu wanalichukulia hili kama sheria ya Musa. Ukikuta darasa lisilo na Sungura wala Fisi, uliza. Ukiambiwa wanasimuliwa alasiri, sawa.

Kinachobaki ni mwaka wa tatu na kinachofuata. Hapa ndipo wazazi wa watoto wepesi wanapoharibu. Mtoto ana miaka mitano, anasoma, anajumlisha, baba anasema amalizie nini, apelekwe darasa la kwanza. Lakini miaka miwili ya kwanza alikuwa akitazama. Mwaka wa tatu ndio anaowaonyesha wadogo, na anapowaonyesha ndipo anapogundua ni wapi hakuelewa. Kwa kawaida namshauri mzazi asubiri. Namwambia ahame mapema kwa sababu moja tu: kama rafu zimeisha. Nenda ukaangalie mwenyewe. Je, kuna shanga za kuzidisha na kugawanya, ramani za mabara, majina ya sehemu za sentensi, vitabu ambavyo hajavisoma? Kama hakuna, shule imemaliza ilichonacho, na hakuna aibu kusema hivyo.

Baada ya miaka 6, njia ni nyembamba. Mpango wa Montessori wa miaka 6 hadi 12 upo; yeye na mwanawe Mario waliukuza India, walikokwama Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, hasa milimani Kodaikanal. Hapa kwetu shule zinazoufikia ni chache, na nyingi zinazojiita Montessori zinaishia chekechea. Mtoto atakwenda kwenye usaili wa darasa la kwanza, apewe karatasi, kalamu na dakika 40, jambo asilolizoea. Miezi miwili kabla, mzoeshe: akae mezani, asome maagizo, ajibu swali ambalo hakulichagua. Atajifunza haraka, huo ndio wepesi wake. Kisha iulize shule mpya kama itamwachia kitabu chake mwenyewe akimaliza kazi kabla ya wengine. Mwalimu mwenye watoto 60 anaweza kukubali hilo kwa urahisi, kwani linampunguzia mmoja wa kumnyamazisha. Mwombe kwa heshima, tena mapema, kabla mtoto hajaanza kuitwa mtundu.